Sahani Iliyozungushwa Mapema

Nang Sering hakuwahi kuingia majini kupita magoti, na pale kijijini Tagbakan hakuna asiyelijua hilo. Wanafunzi walikuwa na mchezo wao. Akisimama ufukweni kuwaelekeza, mmoja wao alichomeka kijiti mchangani pale alipofika, ili Jumamosi ijayo waone kama atavuka alama. Havuki. Wimbi likija kubwa kidogo alirudi kinyumenyume kama kuku aliyeona kivuli cha mwewe, sketi kaikamata kwa mikono miwili, na wao wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Nang, bahari haina meno," walimwambia.

"Haina," alijibu. "Ndiyo maana humeza mzima mzima."

Jina lake kamili lilikuwa Gliceria Taleon; Nang ni neno la heshima kwa dada mkubwa, kama Nong kwa kaka. Alikuwa msaidizi wa maabara katika shule ya sekondari: aliosha chupa, alipanga darubini, na alifukuza mijusi iliyopenda kulala kwenye kabati la dawa. Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha. Kazi iliyomnyima usingizi ilikuwa ile ya Jumamosi, ya kujitolea. Wanafunzi waliojiandikisha kupima mto na ghuba walikuwa chini ya mikono yake. Wengine walikaa darajani na mwalimu wa sayansi, Sir Tupas, wakichota maji na kuyatia kwenye bomba refu la kioo ili kuona ni safi kiasi gani. Wengine walikuja naye ufukweni, kwenye uwanda wa matope unaobaki wazi maji yakipwa, kuhesabu nyasi za baharini. Ukiweka fremu ya mraba juu ya nyasi hizo na kuinama mpaka pua ikaribie kuzigusa, utaona mji mzima: kamba wadogo kama kope, farasi wa baharini aliyejifunga mkia kwenye jani, kaa anayekutazama kwa hasira kana kwamba umeingia chumbani mwake bila hodi.

Mtu anayeogopa maji namna ile alifuata nini huko? Watu wa Tagbakan wanasema amwogopaye nyoka ndiye ajuaye shimo lake, na kwa Nang Sering ilikuwa hivyo hasa.

Alipokuwa mtoto, baba yake aliinuka katikati ya chakula cha mchana kwenda kuangalia wando wake, uzio wa mianzi wa kunasia samaki kule kwenye mlango wa mto. Desturi ya pale ni kwamba mtu akiondoka wenzake wangali wanakula, wanaobaki huzungusha sahani zao, kila mmoja ya kwake, ili njia ya aliyeondoka nayo izunguke na kumrudisha nyumbani. Lakini siku ile jua lilikuwa linawaka, bahari imelala, na baba mwenyewe alisema, "Narudi sasa hivi, msimalize samaki." Nani atazungushia sahani mtu anayerudi sasa hivi? Hakuna aliyezungusha. Kumbe mlimani ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, mbali mno hata radi haikusikika, na mto ukashusha mvua yote ile kwa mpigo mmoja. Uzio ulipatikana, vipandevipande. Baba hakupatikana.

Tangu hapo hofu yake ilikuwa na umbo moja: maji yanayokuja bila kutangaza. Hakuogopa tufani hata kidogo, kwa sababu tufani hupiga kelele. Aliogopa siku nzuri. Kwa hiyo watu wa kituo cha sayansi ya bahari walipokuja shuleni kutafuta wa kufundishwa kupima, na kueleza kwamba mlima, mto na ghuba ni mwili mmoja, ukiumiza kichwa miguu itajua, mkono wake ulikuwa juu kabla hawajamaliza. Alitaka kujua maji yanafanya nini kule asikoyaona. Na kuhusu sahani, hakusema kama anaamini au haamini. Ila kuzungusha, alizungusha.

Mwaka huo kituo kilitangaza nafasi moja. Mwanafunzi mmoja angechukuliwa likizo nzima kwenye kisiwa cha pili, alale kituoni, apande chombo cha utafiti, ajifunze kuzamia kwa miwani na kuwatazama viumbe wa maji kwa darubini ambayo, kwa maelezo ya Sir Tupas, ilikuwa kubwa kama mtungi wa gesi. Sharti lilikuwa moja: awe amemaliza miraba yote ya mstari wake, yaani sehemu ya uwanda aliyopewa kuhesabu nyasi, bila kuruka hata mmoja.

Jessabel Tacsagon aliitaka nafasi hiyo kama mgonjwa wa homa anavyotaka maji. Alikuwa na miaka kumi na sita, mwembamba, mwenye maswali yasiyokwisha: kwa nini nguva hachoki kula majani, je, nyasi hulala, nani alikuwa wa kwanza kumtazama jongoo-bahari na kufikiri huyu analika. Kwenye mstari wake ulibaki mraba mmoja tu, wa mwisho kabisa, kule kwenye mkondo. Siku ya kuupima alikuwa kitandani ana homa. Nang Sering alikuwa amemwahidi kwamba ataupima Jumamosi ya mwisho kabla ya nafasi kufungwa, muda ukitosha.

Jumamosi hiyo ilikuwa siku nzuri. Nang Sering alipotoka mlangoni na kuona anga lilivyo buluu, alirudi ndani kuchukua filimbi yake.

Maji yalikuwa yamekupwa vizuri. Milingoti mitatu ya mianzi ilisimama kwenye uwanda kama kawaida, wa karibu na kitambaa chekundu, wa kati cheupe, wa mbali cha manjano, na kutoka mmoja hadi mwingine ilinyoshwa kamba aliyoifunga Nang Sering mwenyewe, kwa fundo la wando alilofundishwa na baba yake. Fundo hilo lina tabia: ukilivuta linakaza, ukilisukuma lirudi lilikotoka linalegea. Wanafunzi waliacha kandambili zao chini ya banda, wakavaa soksi nene mbilimbili kwa ajili ya miiba ya samaki-jiwe, wakatawanyika matopeni na fremu zao.

Hawajafika nusu ya kazi, simu ikalia. Alikuwa Sir Tupas darajani. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kuwatisha walio karibu, kwamba maji kwenye bomba yamegeuka ghafla kuwa kama kahawa ya maziwa, alama ya chini haionekani tena, na majani ya mwanzi yanapita mengimengi. Darajani hapakuwa na mvua hata tone. Nang Sering aligeuka kutazama mlima. Kichwa chake hakikuonekana, kimefunikwa na wingu zito jeusi.

Akapuliza filimbi mpaka mashavu yakamuuma.

Watoto walirudi wakinung'unika. Wengine walidai wamebakiza mraba mmoja tu, wengine wakauliza mvua iko wapi, Nang, mbona jua hili linatuchoma. Hakuwajibu. Aliita majina wakati wananawa miguu nyuma ya tangi la maji. Pale Tagbakan karibu kila ukoo una jina linaloanza na T, tangu enzi za babu zao, kwa hiyo kuita majina kulisikika kama mtu anayepiga nazi kwa kijiko: Tabora, Tacsagon, Tagle, Talaman. Kutoka nyuma ya tangi sauti ziliitikia, ara, ara, ara, yaani niko, niko, niko. Zote zilitimia. Nang Sering akapumua.

Wakakaa bandani kula. Wali, samaki wakavu wa kukaanga, nyanya zilizokatwa na siki. Maji yalikuwa yameanza kupanda. Wimbi la kujaa lilitoka baharini na maji ya kahawia yalitoka mtoni, yakakutana katikati ya uwanda na kutengeneza mstari wa povu. Nang Sering alikuwa anautazama mstari huo, kijiko kiko mkononi, alipoona kitu pembeni ya jicho.

Rhea Mae, rafiki wa Jessabel, alikuwa amekaa mwisho wa benchi. Hakuwa amekula. Alitazama baharini, akatazama wenzake, kisha kwa kidole kimoja, polepole, kama mtu anayejikuna tu, akaizungusha sahani yake.

Nang Sering akaweka kijiko chini. Akasogea, akachuchumaa mbele ya yule binti.

"Inday, mwanangu, nani ameondoka?"

"Hakuna, Nang."

"Sahani umemzungushia nani?"

Rhea Mae aliutazama wali wake. Tangu darasa la kwanza yeye na Jessabel waliitikiana majina. Mmoja akichelewa, mwingine humsemea, kama leo nyuma ya tangi, na hakuna aliyewahi kudhurika kwa hilo.

"Amekwenda kumalizia mraba wake," alisema. "Alisema anarudi sasa hivi."

Neno hilo. Nang Sering alilisikia kwa sauti nyingine, sauti ya mwanamume mwenye samaki mdomoni, na kwa kitambo banda lote likawa mbali naye. Chini ya benchi kulikuwa na kandambili za buluu, kamba ya moja imeshikizwa kwa pini. Za Jessabel.

Alisimama. Sauti yake ilitoka kavu kuliko alivyotaka. Hakuna mwanafunzi wa kutia mguu majini, aliwaambia. Anayenipenda abaki hapa. Mkubwa wao ampigie Sir Tupas. Halafu akashuka mbio kwa Nong Berting, mvuvi aliyekuwa anashona nyavu kando ya ngalawa yake.

Nong Berting alikuwa mzee wa maneno mengi, lakini alipoona uso wake hakuuliza lolote. Alisukuma ngalawa majini, akaushika upondo. Ndipo alipomwambia kwamba kamba zile ziko chini ya maji sasa na yeye hajui zimepita wapi. Chombo kikinasa kwenye kamba, mkondo utakigeuza juu chini. Lazima aende anayezijua.

Nang Sering alisimama, maji yakiwa magotini. Miguu ilikataa. Haikuwa mzaha, ilikataa kweli, kama punda aliyefika kwenye daraja bovu.

"Kama unangoja maji yapungue," Nong Berting alisema, "nilete na godoro?"

Alipanda. Hakujua amepandaje. Alishika ukingo wa ngalawa kwa nguvu mpaka vidole vikawa vyeupe, na nyuma yake hakugeuka.

Maji yalikuwa mazito, ya rangi ya udongo, yamebeba matawi, ndizi mbichi, na ndara moja nyekundu ya mtoto. Aliongoza kwa mkono: kushoto, Nong, kushoto tena, hapa kamba inapinda. Kitambaa chekundu kilipita karibu yao, kimelowa nusu. Cheupe kikapita. Cha manjano hakikuwepo. Alitazama mahali kilipopaswa kuwa na hakuona kitu ila maji yanayometameta juani, mazuri kabisa, kama siku ile nyingine.

"Jessabel," aliita. Sauti haikwenda mbali.

Nong Berting ndiye aliyemwona. Mlingoti ulikuwa umeinama, kitambaa kimezama, na chini kidogo palikuwa na kichwa cheusi na mikono miwili iliyoukumbatia mwanzi. Maji yalimfika mabegani. Juu ya kichwa chake, kama mchuuzi aliyebeba sinia, alikuwa ameweka ubao wake wa kuandikia.

Hakulia. Alikuwa anatabasamu tabasamu la kutisha, meno yakigongana. Alisema mguu umeshikwa; kamba ilijisokota kifundoni pamoja na fundo lake mkondo ulipoanza kuvuta, na kila akijivuta inakaza.

Nong Berting alizuia ngalawa kwa upondo, mishipa ya shingo imemtoka. Hakuweza kuuachia hata kidogo, la sivyo chombo kingemponda mtoto kwenye mlingoti. Alimtazama Nang Sering.

Ukimwuliza leo aliingiaje majini, atakuambia hakumbuki. Anakumbuka ubaridi kwenye tumbo, kisha kifuani, na kwamba alikuwa anaomba kwa sauti, akichanganya majina ya watakatifu. Alimfikia binti, akamshika kiunoni.

"Kwanza mpe ubao Nong Berting," Jessabel alisema.

"Ulete," mzee alinguruma, "nikukung'ute nao."

Ubao ukaingia ngalawani. Nang Sering akavuta pumzi na kuzama. Chini hapakuwa na kitu cha kuona, giza la kahawia tu na mngurumo masikioni kama watu wengi wanaozungumza chumba cha pili. Vidole vyake vilitembea kutoka gotini hadi kifundoni, vikakuta kamba, vikakuta fundo. Alilitambua papo hapo. Fundo la baba. Alilisukuma. Halikusogea. Akapanda kuvuta pumzi, akazama tena, akasukuma kwa kucha mpaka moja ikavunjika. Mkondo ulikuwa unavuta mguu upande mmoja na mlingoti unavuta mwili upande mwingine, na kamba katikati imekaza kama waya wa gitaa. Fundo lile halitalegea likiwa linavutwa.

Alipoibuka mara ya pili maji yalikuwa yamefika shingoni mwa Jessabel.

"Achia mlingoti," alimwambia.

"Sitaki."

"Ukiushikilia kamba inakaza. Achia, tutashuka na maji kidogo, ilegee."

"Nang, sitaki. Naogopa."

"Mimi nakushinda kwa kuogopa," Nang Sering alisema, na midomo yake ilikuwa kwenye sikio la binti. "Nimeogopa tangu kabla hujazaliwa. Mikono yangu ndiyo hii. Achia."

Kisha mikono miwili myembamba ikauachia mwanzi na kumkamata yeye shingoni, na wote wawili wakaenda chini.

Wanafunzi waliokuwa ufukweni waliona vichwa viwili, halafu wakaona maji. Rhea Mae alikaa mchangani akaficha uso. Nong Berting baadaye alisimulia kwamba aliyajua maji kwa miaka yake yote, lakini muda ule hakuweza kuyatazama; alitazama ubao uliolala miguuni pake, akawa anasoma tarakimu asizozielewa, moja baada ya nyingine.

Chini, kamba ililegea. Nang Sering alilisukuma fundo lirudi lilikotoka, kama alivyofundishwa, na likafunguka kwa upole wa ajabu.

Waliibuka upande wa chini wa ngalawa, wakikohoa, na Nong Berting akawanasa mmoja kwa nywele na mwingine kwa ukosi.

Walipofika bandani Sir Tupas alikuwa ameshafika, kaja mbio tangu darajani, na alikuwa hana rangi. Chakula kilikuwa pale pale, kimepoa, nzi wanakizunguka. Sahani zote zilikuwa zimezungushwa. Kijiko cha Nang Sering, alichokiacha kikielekea baharini, sasa kilielekea kijijini. Mtu alikuwa ameizungusha hata yake, ingawa hilo kwa desturi halimo.

Nang Sering alikaa akatetemeka kwa muda mrefu. Walimfunika kwa gunia, kisha kwa koti la Sir Tupas, na bado alitetemeka. Alimwuliza Jessabel kwa nini hakupiga kelele wakati maji yalikuwa bado magotini, wakati ufukwe ulikuwa unasikia.

"Nilifikiri mtanifuta kwenye orodha ya nafasi," Jessabel alijibu.

Nang Sering aliuchukua ubao. Tarakimu za mraba wa mwisho zilikuwepo zote, zimeandikwa vizuri, hata idadi ya konokono. Alizisoma polepole. Jessabel aliuliza kama zitahesabiwa.

"Zitahesabiwa, maana ni za kweli," Nang Sering alisema. "Lakini mwaka huu huendi. Siwezi kumpeleka kwenye bahari yenye kina mtu anayeogopa kufutwa kuliko kufa."

Hapo ndipo Jessabel alipolia, yeye ambaye majini hakutoa chozi. Rhea Mae alilia pamoja naye, kwa sauti kubwa zaidi, mpaka Nong Berting akasema sasa chumvi ya ghuba imezidi, kesho watapima nini. Hakuna aliyecheka sana. Nafasi ilikwenda kwa mwanafunzi mwingine, na Jessabel alimsaidia kufunga mizigo, ingawa alivyokuwa anakunja zile nguo ungedhani anazikaba koo.

Nang Sering hakuacha kuogopa. Jumamosi iliyofuata alisimama pale pale ufukweni, maji yakiwa magotini, sketi mkononi, na wimbi lilipokuja alirudi nyuma. Kijiti hakikuchomekwa. Majina hakuyaita tena kwa mdomo. Kila aliyetoka matopeni alipaswa kupita mbele yake aguswe kichwa, na Jessabel alipopita mkono ule ulikaa kidogo zaidi.

Adhuhuri walikaa bandani kula. Katikati ya chakula Nang Sering aliinuka, na hakuwa amepiga hata hatua tatu aliposikia nyuma yake mkwaruzo wa sahani kwenye mbao, moja, kisha nyingine, kisha benchi zima.

"Nakwenda kunawa mikono tu," alisema.

Hawakuzirudisha mpaka alipokaa.